Ukimwambia kwa Utani, Hujamwambia

Kalunde mwanangu,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Hali yako naijua: uko chumba cha pili unapigana na zipu ya begi, na mpaka sasa zipu inaongoza. Hali yangu unaijua pia. Sura nzuri kama kawaida, magoti yana malalamiko, na kalamu hii ni yako, nimeichukua juu ya friji, usiitafute.

Mwandiko usiucheke. Mimi na shule tuliachana mapema. Wengine wanasema nilitoroka. Mimi nasema shule ilishindwa kwenda na mwendo wangu. Lakini kusoma nasoma, kuandika naandika, na kufunga nondo hakuna aliyenizidi kutoka hapa Kanyenye, Tabora, mpaka pwani. Waulize. Atakayekataa ana wivu. Na kwa vile nilikupata nikiwa bado kijana mbichi, tukipita sokoni watu wanadhani mimi ni kaka yako, wala sijawahi kumkosoa hata mmoja.

Mambo ya safari mama yako ameyamaliza. Matobolwa, vile viazi vikavu vya njiani, yako wapi, asali imefungwa vipi, nani wa kuongea naye kwenye behewa na nani wa kumnunia, yote ameshakwambia na asubuhi atakwambia tena. Mimi hayo nayapita. Nina jambo moja tu, na leo nimeshindwa kulisema kwa mdomo.

Jioni nilikuja mlangoni kwako. Ulikuwa unakunja lile koti la kazi la rangi ya chungwa. Nikasema, "Kalunde, ile sakafu yenu itaua watu."

Ukasema bila kugeuka, "Baba, umeanza."

"Sitanii."

"Ndivyo unavyosema kila ukitania. Siku ya harusi ya shangazi si ulisema hutanii, ukamwambia bwana harusi ng'ombe wake wamekataliwa arudi nao kwao? Mtu wa watu akakaa chini akalia." Ukanirushia soksi. "Toka huko, mzee wa vituko, niache nipange nguo."

Nikacheka. Ndiyo, mimi mwenyewe nikacheka, kicheko kikatoka chenyewe kama chafya. Nikarudi sebuleni na soksi yako mkononi, nikakaa, kwa sababu kicheko kile nakijua. Nimewahi kukisikia mahali pengine. Kwa hiyo naandika.

Unakumbuka juzi mezani ulivyotuonyesha jengo lenu mnalojenga Dar? Ulichukua sinia ukaliweka juu ya vikombe viwili vilivyoachana, ukasema vikombe ni nguzo za maduka huku chini, maana mwenye duka anataka uwanja mpana, hataki nguzo katikati ya viatu vyake. Kisha ukapanga vibiriti vingi juu ya sinia, ukasema hizo ni nguzo za nyumba za watu kule juu, zinasimama karibu karibu kwa sababu vyumba ni vidogo. Maegesho ya magari chini kabisa, juu yake maduka, juu yake ofisi, juu kabisa watu wanalala. Mji mzima umesimamishwa wima. Nguzo za juu hazikutani na nguzo za chini, ukasema, kwa hiyo mzigo wote wa wanaolala unashuka mpaka kwenye sinia, na sinia ndilo linaloubeba na kuupeleka pembeni kwenye vikombe. Sakafu yenye mihimili minene kimo cha mtu.

"Jengo ni njia ya mzigo tu, baba," ulisema. "Kila mzigo lazima upate njia ya kufika ardhini."

Nikavimba kichwa. Nikasema hiyo elimu tunayo tangu zamani, sisi ndio tuliobeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka baharini, Mnyamwezi asiyejua njia ya mzigo ni nani? Ukacheka. Mama yako akaniambia nile, chakula kinapoa. Kisha wewe, huku unaokota vibiriti, ukasema kama mtu anayesimulia kichekesho: "Ila sinia letu nalo limeanza kucheka. Limetoa jino."

Mama yako akauliza jino gani. Ukasema ni ufa. Karibu na nguzo moja upande wa maduka, ufa mwembamba uliolala mshazari, ambao haukuwepo ulipopita wiki iliyotangulia. Ukasema mirunda ya chuma inayoshikilia upande ule imeshaanza kuondolewa kwa sababu wenye maduka wana haraka, mafundi wa vigae wameshaingia chini yake, na iliyobaki itaondolewa juma lijalo.

Nikauliza, "Umemwambia mkubwa wako, yule mhandisi Mzaramo?"

"Nimemwambia. Nilimwambia, mtani, sakafu yako imezeeka kabla ya kuzaliwa, uso umeota makunyanzi kama wa kwenu Kisarawe. Akacheka mpaka akavua kofia. Akasema niende nikalete dawa ya uganga wa Kinyamwezi niipake."

Ukacheka na wewe. Mimi nikainuka, nikaenda uani bila kunawa. Mama yako alidhani pilipili.

Sasa nikueleze kwa nini niliinuka.

Zamani, wewe ukiwa bado hata kutambaa hujui, nilikuwa Dar nafunga nondo kwenye jengo la namna hiyo hiyo, dogo kuliko lenu, maduka chini na nyumba za kupanga juu. Nilikuwa hatari, mwanangu. Koleo mkononi mwangu lilikuwa linaimba. Na pale kazini nilikuwa na Mzaramo mmoja, Mwinshehe, mtu wa kumwaga zege, mrefu, mwembamba, mwenye pengo la jino la mbele ambalo alisema limepotea kwa kumng'ata Mnyamwezi. Unajua habari za utani wetu na wao. Babu zetu walishuka pwani na mizigo kichwani, wakapita kwao wana njaa, wakagombana nao, wakalishwa nao, mwisho wakawa watani. Mtani hakasirikiwi wala hashtakiwi. Anakuja kwako anachukua kuku, unamtukana, anakushukuru.

Mimi na Mwinshehe tulifanya kazi ile iwe sherehe. Asubuhi nikifika ananiamkia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mtumwa wangu amekuja! Amebeba nini leo kichwani?"

"Nimebeba akili, nimeona kwenu zimeadimika."

"Akili gani, mtu umetembea miezi mitatu kuleta pembe, ukarudi na shanga?"

"Na nyinyi mliokaa pwani mnangoja, mmepata nini? Nazi imewaangukia kichwani."

Chakula tulikula sahani moja. Nilipougua homa alilala chumbani kwangu kwenye mkeka, na kila nikizinduka anauliza kama nimeshakufa ili achukue redio yangu; nilipopona aliichukua hivyo hivyo. Sijawahi kuwa na ndugu wa namna ile.

Siku ile tulikuwa tunamwaga zege la ghorofa ya tano. Niliishiwa waya, nikashuka ghorofa ya nne kuchukua. Pale chini, mahali mirunda ilipotakiwa kusimama kama msitu, nikakuta uwazi. Mirunda ya upande mmoja ilikuwa imeng'olewa, imepelekwa sijui wapi, na zege la ile sakafu ya nne lilikuwa bado changa, ukilikwaruza kwa ukucha linatoa unga. Iliyobaki ilikuwa inalia. Mti unapoelemewa unalia, Kalunde, unatoa mlio mdogo, ta, kisha unanyamaza, kisha ta. Nilisimama nikasikiliza. Nilielewa. Usidhani sikuelewa.

Nikapanda. Mwinshehe alikuwa anaelekea upande ule ule na toroli la zege. Sasa sikia nilivyomwambia, maana maneno nayajua kama jina langu. Nilisema: "Mzaramo, leo usiende huko, ghorofa limefungua mdomo linakusubiri wewe, mimi nimeshashona sanda, nangoja redio yangu irudi."

Watu wakaangua kicheko. Yeye akasimama, akashika kiuno, akaniangalia. Kwa muda kidogo akaniangalia kweli. Nadhani aliona kitu usoni mwangu. Ningenyamaza pale, ningekunja uso, angeuliza. Lakini watu walikuwa wanatazama, wanangoja zamu ifuatayo, na mimi nilikuwa bingwa. Nikatabasamu.

Akasema, "Nikifa utanizika wewe, mtumwa, na kaburi utachimba kwa meno." Akasukuma toroli.

Lililofuata sitaliandika lote. Sakafu haikuanguka kama watu wanavyofikiri, kwa kishindo tangu mwanzo. Ilikaa kwanza, kama mtu anayekaa kitini. Kisha ikaondoka.

Waliokuja kuuliza maswali waliwauliza wakubwa. Sisi wa nondo tuliambiwa twende nyumbani.

Nilikwenda kuzika. Kwao, mtani ana kazi msibani, hata wewe unajua: analia vibaya makusudi, anaigiza mwendo wa marehemu, anazuia jeneza mlangoni mpaka apewe chochote. Mimi nilikaa pembeni nimeinamisha kichwa. Mama yake Mwinshehe akanitafuta kwa macho kati ya watu wote wale. Akaja. Akaniambia, "Mnyamwezi, mbona umenyamaza? Mwanangu atazikwa kama mtu asiye na watani?"

Nikainuka. Nikashika jeneza mlangoni. Na nikasema ukweli, Kalunde. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba nitausema mbele ya wenye maiti, kisha wanifanye watakavyo. Nikasema kwa sauti: "Huyu nimemuua mimi. Niliona mirunda imeng'olewa. Nilijua. Nikamwacha apite."

Wakacheka.

Nyumba nzima ikacheka. Mzee mmoja akanipiga mgongoni akasema, "Ameanza huyo! Mtani ni mtani!" Mwingine akauliza nilimuua kwa ajili ya redio? Mama yake akaziba uso kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika, na mimi nikashindwa kujua analia au anacheka, kisha akaondoa kanga nikaona ni vyote viwili. Akasema, "Mungu akubariki, baba, umenipunguzia." Ningemwambia nini tena? Ningesema sitanii? Nilisema. Ndipo wakacheka zaidi.

Kile ndicho kicheko nilichokisikia leo mlangoni kwako.

Nikarudi Tabora. Umekua ukiniona najenga nyumba za chini tu. Uliponiuliza kwa nini, nilikwambia nyumba ya chini ina heshima, ghorofa ni kwa watu wasio na kiwanja. Nilikudanganya kwa madaha, na wewe ukayarudia maneno yale shuleni, mwalimu akakusifu. Ukweli ni kwamba nikitia mguu kwenye ngazi ya jengo lolote ambalo halijaisha, Mwinshehe ananiita kutoka juu. Si ndoto. Ananiita kama alivyokuwa akiniita, kwa furaha, bila kinyongo, na hilo ndilo linaloniumiza.

Kuna mwaka nilipata kazi Nzega, nyumba ya wageni ya ghorofa moja. Nikajipa moyo: ghorofa moja tu, bwana, hata mbuzi anapanda. Siku ya pili niko chini nanyoosha nondo, nikasikia, "Mnyamwezi! Panda na waya!" Nikajibu bila kufikiri, "Njoo uchukue mwenyewe, mla nazi!" Kijana niliyekuwa naye akaniuliza naongea na nani. Juu hapakuwa na mtu. Hata ngazi ilikuwa imeondolewa. Nikaacha kazi mchana ule ule, nikamwambia mwenye nyumba chai yake haina sukari. Mpaka leo wananiita Bwana Sukari kule.

Na hapa nyumbani. Unajua bati letu jua likishazama na joto kupungua linavyolia. Ta. Kisha kimya. Kisha ta. Mama yako alikuwa ananiuliza kwa nini saa ile huwa natoka kwenda kukaa nje hata mvua ikinyesha. Nilimwambia naangalia nyota. Wakati wa mvua, naangalia nyota! Akaniacha. Mama yako anajua nusu ya jambo hili, na nusu ya pili hajawahi kuniuliza, ndiyo maana tumedumu.

Sasa hebu turudi kwa mhandisi wako. Mimi simjui. Huenda ni mtu mwema, unasema amekupokea vizuri, anakuita mtumwa wake, chai anakugawia. Na wewe umechukua mdomo wangu wote, hukuacha hata kona. Najivunia, sitasema uongo. Ukianza kumtania mtu najiona mimi mwenyewe nikiwa na akili zaidi. Lakini, mwanangu, kuhusu ule ufa hujamwambia. Umemchekesha. Ukimwambia kwa utani, hujamwambia. Yeye ameondoka na kicheko, wewe umeondoka ukidhani mzigo umeshautua, na ule ufa umebaki pale pale na mafundi wa vigae chini yake, wanapiga magoti, wanapima mistari, wanasikiliza muziki kwenye simu.

Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha, siku ile nilipokuuliza ufa upi ni mbaya. Ulisema ufa wa katikati ya mhimili, uliosimama wima, unatoa taarifa, mhimili unapinda kwanza watu wakauona. Ila ule wa mshazari karibu na nguzo hautoi taarifa; ukishaamua, umeamua. Uliyasema hayo mwaka jana ukiwa na madaftari, uso umeukaza, na mimi nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Sasa iweje ukauona wenyewe kwa macho ukaugeuza kichekesho? Usinijibu. Najua jibu. Wewe ni mgeni pale, ni msichana peke yako kati ya wanaume wenye kofia nyeupe, ukisema kwa uso mkavu kwamba sakafu ya watu wakubwa ina kasoro, na ukawa umekosea, utaitwa nani? Utani ni mlango wenye pande mbili: wakikubali, ulisema, wakikataa, ulikuwa unacheka tu. Nilipita mlango huo kabla yako. Ninajua ulivyo laini kufungua.

Na chuma, Kalunde. Mirunda yetu ya miti ilikuwa inalia. Ya kwenu ni ya chuma. Chuma hakilii, kinapinda kimya. Hata hiyo bahati niliyopewa mimi ya kusikia, wewe huna.

Mambo ya hesabu siyajui. Huenda ule ufa ni wa ngozi tu, umekauka kama midomo wakati wa kiangazi, mhandisi wako akiukagua atakuonyesha kwa vifaa kwamba hauna neno. Nitafurahi. Nitakuwa nimejiaibisha kwa barua ndefu, na wewe utakuwa umeitwa mwoga kwa juma moja. Aibu ya kuonekana mwoga nimeitafuta maisha yangu yote niipate, sijauziwa. Laiti Mwinshehe angenicheka mpaka leo kwa woga wangu.

Hapa nimeacha kuandika kidogo. Nimesoma tangu juu. Nimeapa kuandika bila utani, na unaona mwenyewe nilivyoshindwa kuanzia mstari wa kwanza, zipu na friji na sura nzuri. Mdomo wangu umezaliwa hivi na mkono nao umeambukizwa. Nikakuona akilini uko kwenye behewa unaisoma: unacheka, unampigia mama yako kumsomea pale penye Bwana Sukari, na treni ikifika Tura, pale ambapo wazee wetu walikuwa wanatua mizigo kabla ya kuingia nchi isiyo na maji, wewe umeshaikunja umeitia kwenye begi, unakula matobolwa. Karatasi haiwezi kukunja uso.

Basi nimekwenda jikoni. Nimemwambia mama yako, "Kesho naondoka na mtoto."

"Mpaka stesheni?"

"Mpaka Dar."

"Kufanya nini?"

"Kupanda ghorofa."

Akaacha mwiko ndani ya sufuria. Anajua mimi hata benki, wakiniambia mhusika yuko juu, naomba ashuke. "Wewe?" akasema.

"Mimi."

Kalunde, tangu nimuoe mama yako sijawahi kusema neno asitafute kwanza kichekesho kilikojificha. Leo hakutafuta. Aliifuta mikono, akapita karibu yangu, akaenda kabatini kunitolea lile shati jeupe. Alipokuwa analipiga pasi akauliza kitu kimoja tu: "Mtoto anajua?" Nikasema bado. Akasema, "Mwambie ukiwa umekaa. Ukisimama huwa unacheza na mikono."

Kwa hiyo ndivyo itakavyokuwa. Barua hii sikupi usiku huu wala asubuhi. Nitakupa treni ikishaondoka, nikiwa nimekaa mbele yako, mikono nimeikalia. Ukimaliza kusoma utampigia simu mhandisi wako, humo humo ndani ya behewa, kabla mtandao haujakatika. Hutamwita mtani. Utamwita mhandisi, utamwamkia shikamoo, utamwambia mirunda irudishwe leo na watu watoke chini ya sakafu ile mpaka ipimwe. Akicheka, na atacheka, usimsindikize. Kaa kimya mpaka kicheko chake kimuishie mwenyewe. Utasikia ni kazi ngumu kuliko hesabu zote ulizosoma.

Na asipokubali, tutafika. Utaongea wewe, kwa lugha yenu ya kitaalamu, mimi sitafungua mdomo. Mimi nitapanda mpaka kwenye maduka, nitakwenda kusimama chini ya ufa wako, kwenye vigae vyao vipya, na shati langu jeupe, na sitaondoka hapo mpaka mtu aniulize kwa nini nimesimama. Waite walinzi, waite polisi, waniite mzee kichaa wa Tabora. Mtani wako atalazimika kuchagua: kama sakafu haina neno, basi na aje asimame karibu yangu tuzungumze.

Sasa hivi umefanikiwa kufunga zipu, nimesikia. Unaimba. Lala.

Kesho ukifika hapa mwisho wa karatasi, inua macho. Usiseme kitu. Nitazame usoni, tafuta kama kuna kicheko popote. Ukikosa, chukua simu.

Ni mimi, baba yako.